Hieda no Are hakuwa ghala la kumbukumbu

Mwaka 2025 Wizara ya Afya ya Japani ilitoa takwimu ambayo watu wengi waliipita juu juu: manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki waliosajiliwa na bado wako hai wameshuka chini ya 100,000 kwa mara ya kwanza, na wastani wa umri wao umevuka miaka 86. Wale kati yao wanaosimama mbele ya wanafunzi na wageni kueleza walichokiona, Wajapani wanawaita kataribe, na hilo ni jina la zamani sana, la watu waliokuwa wanasimulia habari za miungu na wafalme miaka 1,300 iliyopita na zaidi. Sasa kila habari hii ya kupungua kwao inapotajwa mtandaoni majibu yanakuja yale yale, kwamba hakuna shida, wamesharekodiwa, video zipo, akili mnemba itajibu maswali kwa sauti zao, na wapo wanaoenda mbali zaidi wakasema wasimulizi wa kale walikuwa ndo kompyuta za wakati wao na sisi saizi tuna kompyuta yenyewe, kwahiyo kazi imehama tu kutoka kichwani kwenda kwenye mashine.

Mi naona hapo pamekosewa, na pamekosewa tangu kwenye kuelewa hao wa kale walikuwa wanafanya nini. Wasimulizi wa Japani ya mwanzo, akiwemo Hieda no Are wa ikulu ya karne ya 7, hawakuwa ghala. Kilichovusha hadithi zao mpaka zikatufikia ni kazi iliyokuwa na mpangilio wake, yani kuna mtu amepewa jukumu kwa jina, kuna anayeagiza, kuna siku rasmi ya kusema, kuna wasikilizaji ambao wana maslahi yao kwenye kile kinachosemwa na watapiga kelele kikipindishwa, na pembeni yao kuna maandishi, mapema sana kuliko watu wengi wanavyodhani. Na mpangilio huo huo ndo uliochagua kipi kisemwe na kipi kiachwe. Ukiiona kumbukumbu kama ghala unaikosea mara mbili, kwanza unaisifia kwa jambo ambalo haikufanya, alafu unaibadilisha kwa mashine isiyofanya lile ambalo ilikuwa inafanya kweli.

Tuanze na Are mwenyewe kwa sababu ndo jina linalotajwa kila mara. Karibu kila tunachojua kuhusu Hieda no Are kinatoka sehemu moja, utangulizi wa Kojiki, kitabu cha juzuu 3 cha habari za miungu na wafalme ambacho ofisa wa ikulu aitwaye Ō no Yasumaro alimkabidhi Malkia Genmei tarehe 28 mwezi wa kwanza mwaka 712 kwa kalenda yao ya zamani. Hata kama alikuwa mwanamume au mwanamke watu wamebishana kwa muda mrefu, wengine wakiangalia uhusiano wa jina la Hieda na ukoo wa Sarume ambao wanawake wake walihudumu kwenye ngoma za ibada ikulu. Yasumaro anasema Are alikuwa mtumishi wa Mfalme Tenmu, umri miaka 28, akili yake ya pekee, jambo likipita machoni pake analitamka kwa mdomo na likigusa masikio yake halitoki moyoni. Tenmu akamwagiza ajifunze kutamka nasaba za wafalme na habari za kale. Mfalme akafariki 686 na kazi ikalala, mpaka miaka 25 hivi baadaye ndo Genmei akamwagiza Yasumaro aandike kile alichokuwa nacho Are. Agizo limetoka tarehe 18 mwezi wa 9 mwaka 711, kitabu kimekabidhiwa miezi 4 na siku kadhaa baadaye. Na hapa ndo watu wanaposhangilia, miezi 4 tu, basi kila kitu kilikuwa kimekaa kichwani kinasubiri kumiminwa.

Kabla ya kushangilia inabidi tujiulize kwanini Tenmu alitoa agizo lile. Huyu mfalme alipata kiti kwa vita, mwaka 672 alipigana na mtoto wa kaka yake, Ōtomo, akamshinda, na mtu aliyeingia kwa njia hiyo anahitaji sana nasaba iliyonyooka, yake na za koo zote zinazomzunguka, maana cheo cha kila ukoo kilitegemea babu yao alitoka kwa mungu gani na alimtumikia mfalme gani. Kwenye utangulizi ule ule Tenmu analalamika kwamba nasaba na habari za kale zilizoshikwa na koo mbalimbali zimekwenda kinyume na ukweli, zimeongezwa uongo mwingi, na makosa yasiporekebishwa sasa haitapita miaka mingi maana yake itapotea. Soma vizuri hapo. Anacholalamikia ni maandishi, tena mengi, tena yanayopingana. Na kumbukumbu ya karibu ya ikulu ilikuwa mbaya zaidi, mwaka 645 wakati ukoo wa Soga unaangushwa Soga no Emishi alichoma moto vitabu vya historia ya wafalme na ya nchi vilivyokuwa kwake kabla hajafa, na kilichopona ni kimoja alichokichomoa motoni mwandishi mmoja aitwaye Fune no Esaka. Kwahiyo Are anaingia kwenye dunia ambayo karatasi ipo, inaungua, na inadanganya. Mwaka 681 Tenmu huyo huyo aliunda kamati ya watu 12, wana wa ukoo wa kifalme na maofisa, kuandika nasaba na mambo ya kale, kazi ambayo wanahistoria wengi wanaiunganisha na kitabu kingine kikubwa, Nihon Shoki cha juzuu 30, kilichokamilika 720. Alikuwa na kamati, na bado alitaka na mtu.

Sasa kwanini mtu? Jibu rahisi la watu wa ghala ni kwamba hakukuwa na maandishi, na tumeshaona yalikuwepo. Alafu ule usemi wa Yasumaro unaanza na macho, kilichopita machoni ndo kilichotamkwa, yani Are alikuwa anasoma. Wataalamu wengi wa leo wanaona kazi yake ilikuwa kupokea maandishi yaliyokuwepo na kushika namna sahihi ya kuyatamka, kwa sababu Wajapani wa wakati ule walikuwa wanaandika lugha yao kwa herufi za Kichina, lugha ambayo haifanani na yao hata kidogo kwa sarufi wala kwa sauti. Mstari mmoja ungeweza kusomwa kwa namna kadhaa, na jina la mungu likisomwa vibaya mbele ya mungu mwenyewe hilo ni kosa la ibada. Sisi tuliopita madrasa jambo hili halitupi shida kulielewa, mus'haf za mwanzo kabisa hazikuwa na irabu na nukta zake zilikuwa chache au hazipo, na aliyekuwa anajua hasa neno linatamkwaje ni aliyehifadhi kwa kusikia kutoka kwa mwalimu wake, maandishi na hifdhi vikaenda pamoja kimoja kikimshika mwenzake asianguke. Are mi namuona hapo hapo. Na ile miezi 4 ambayo inatajwa kama ushahidi wa kumbukumbu tupu inaelekea kinyume kabisa, kazi ya kuandika kwa maamuzi magumu ya herufi kiasi kile isingeisha miezi 4 kama hakukuwa na kitu kimeshaandikwa na kupangwa.

Lakini nisieleweke vibaya, sisemi sauti ilikuwa pambo. Wapo wanaoruka upande wa pili na kusema Are ni jina tu lililowekwa kuipa Kojiki heshima, na kitabu ni kazi ya makarani mwanzo mwisho. Hao nao wana tatizo, kwa sababu kitabu chenyewe kimejaa alama za sauti. Kina nyimbo zaidi ya 110 na zote zimeandikwa herufi moja kwa silabi moja, kwa sauti tupu bila kujali maana ya herufi, njia ndefu na ya kuchosha ambayo karani asingejisumbua nayo kama hakuna kitu anachokisikia na anaogopa kukipoteza. Yasumaro mwenyewe anaeleza alivyobanwa, kwamba akiandika yote kwa maana maneno hayafiki moyoni, akiandika yote kwa sauti yanakuwa marefu mno, kwahiyo akachanganya. Kwenye majina ya baadhi ya miungu kaweka hadi alama ndogo kuonyesha sauti ipande au ishuke. Alafu kuna jambo ambalo wanaisimu wa Kijapani waliligundua karne ya 20 na kwangu mi ndo zito kuliko yote: Kojiki inatofautisha sauti mbili za silabi mo, kwa uangalifu, kurasa kwa kurasa, wakati Nihon Shoki iliyotoka miaka 8 tu baadaye haizitofautishi. Tofauti ile ilikuwa inakufa kwenye vinywa vya watu. Inawezekana ni sikio la Yasumaro mwenyewe ambaye hakuwa kijana, inawezekana ni matamshi ya mtu aliyefundishwa enzi za Tenmu akayashika hivyo hivyo, ila kwa vyovyote kitabu kimeandikwa na mtu aliyekuwa anasikiliza kwa makini sana.

Upanga wa Inariyama nao unafundisha pande zote mbili. Ulichimbuliwa 1968 kwenye kaburi la kale huko Saitama, ukakaa miaka 10 unaonekana chuma cha kutu, mpaka 1978 walipoupiga eksirei wakakuta herufi 115 za dhahabu. Zinataja mwaka ambao wengi wanausoma kuwa 471, zinataja vizazi 8 vya mtu mmoja aitwaye Wowake kuanzia babu yake Ohohiko, na zinasema alimtumikia mfalme Wakatakeru. Jina hilo limo kwenye Kojiki, ni sehemu ya jina la mfalme anayejulikana zaidi kama Yūryaku. Kwahiyo jina la mfalme limevuka miaka 240 likafika kwa Yasumaro likiwa zima, na anayesema habari zote za zamani zile zilibuniwa ikulu karne ya 7 au ya 8 inabidi aueleze upanga huu. Ila angalia na upande wa pili, mwaka 471 kulikuwa na mtu anaandika nasaba ya vizazi 8 kwenye chuma. Huwezi kuuchukua ushahidi huu kama ushindi wa kumbukumbu ya mdomo peke yake, maana umeandikwa. Unachoonyesha ni kwamba nasaba zilikuwa zinatunzwa na watu wenye sababu ya kuzitunza, kwa mdomo na kwa herufi, na kwamba vizazi 8 lilikuwa jambo la heshima kiasi cha kutiwa dhahabu.

Na Are hakuwa peke yake, hili ndo linasahaulika kabisa. Ikulu ilikuwa na mtu mmoja mwenye kipaji, mikoani kulikuwa na koo zenye kazi hiyo. Kitabu cha kanuni za serikali kiitwacho Engishiki, kilichokamilika 927, kinaorodhesha kataribe wa kuitwa kwenye ibada kubwa ya mfalme mpya: 8 kutoka Mino, 2 Tanba, 2 Tango, 7 Tajima, 3 Inaba, 4 Izumo na 2 Awaji. Jumla 28, kila mkoa na idadi yake, wanakuja kusema habari za kale mbele ya mfalme anayeanza kutawala. Tafakari maana yake kiutawala, watu wa mikoani wanasimama kusimulia mambo ya kwao na kwa kusimulia wanakubali kwamba mambo yao sasa yamo ndani ya ufalme huu. Hilo ni tendo la utii linalofanywa kwa sauti, na ndo maana lilihitaji watu walioitwa kwa mkoa, wasimame wenyewe mbele ya mfalme. Nasaba za wafalme zilisemwa misibani pia, Tenmu mwenyewe alipokuwa anaagwa mwaka 688, baada ya maombolezo ya zaidi ya miaka 2, ofisa mmoja alisimama akasema kwa utaratibu jinsi wafalme waliotangulia walivyopokezana kiti.

Hawa wa mikoani karibu wote hawana sura kwetu, isipokuwa mmoja ambaye kila nikisoma habari yake inanigusa upya. Maelezo ya mkoa wa Izumo yaliyoandikwa 733 yanamtaja Katari no Omi Imaro, mtu wa ukoo wa wasimulizi kama jina lake linavyosema, ambaye binti yake alitembea ufukweni akaliwa na papa. Baba akamzika mtoto ufukweni, akalia, akanoa silaha zake, akaomba miungu ya mbinguni na ya nchi, 1,500 na 1,500, na ya madhabahu 399 ya mkoa wake, wasimpe kisogo. Papa zaidi ya 100 wakaja polepole wamemzunguka mmoja, yule wa katikati akachomwa akauawa, wakampasua wakakuta mguu wa mtoto. Tukio limewekewa mwaka unaolingana na 674, tarehe 13 mwezi wa 7, na mwandishi anasema Imaro ni baba wa mtu aliyekuwepo pale kijijini, imepita kama miaka 60. Sina haja ya kubishana kuhusu hao papa 100. Ninachokiona ni msimulizi wa kazi akiwa na msiba wa nyumbani kwake, na ule msiba ukasemwa kwa lugha ile ile ya ibada waliyoizoea kuisema kwa ajili ya mkoa, kwa hesabu ya miungu na kwa tarehe, ukashikwa na mtoto wake mpaka serikali ilipokuja kuuliza habari za mahali. Kumbukumbu ya namna hii haitengani na mtu aliyeibeba, na sidhani kama ukoo mwingine ungeisema hivyo.

Haya, tuje kwa wenye mashaka, maana hoja yao ndo nzito na inastahili kupewa nafasi. Profesa Tsuda Sōkichi wa Chuo Kikuu cha Waseda alichambua Kojiki na Nihon Shoki akaonyesha kwamba habari za miungu na wafalme wa mwanzo zilipangwa na watu wa ikulu kueleza kwanini ukoo huu ndo unatawala, hazikuwa kumbukumbu ya mambo yaliyotokea. Vitabu vyake vikapigwa marufuku 1940, mwaka ule ule ambao serikali ilikuwa inasherehekea miaka 2,600 tangu mfalme wa kwanza Jinmu, na 1942 mahakama ikamtia hatiani. Na kwenye kiini cha hoja yake alikuwa sahihi. Jinmu kwenye Kojiki anaishi miaka 137, kwenye Nihon Shoki 127. Wafalme 8 wanaomfuata wana nasaba tupu, majina ya wake na watoto na makaburi, hakuna hadithi hata moja ya maana isipokuwa kidogo sana. Mtu anayesema kumbukumbu ya Are ilihifadhi historia ya Japani tangu mwanzo anabeba, hata kama hajui, mzigo ule ule ambao serikali ya 1940 iliutumia kupeleka vijana vitani.

Ila kuna watu wanachukua hoja ya Tsuda na kuivuta mpaka kwenye jambo dhaifu, wanasema kwa kuwa ikulu ilipanga basi wasimulizi hawakuhifadhi chochote, kumbukumbu ya binadamu inateleza tu, na ndo maana leo tunahitaji mashine isiyoteleza. Hapo sikubaliani. Jina la Wakatakeru halikuteleza. Sauti za mo hazikuteleza. Na kuna jambo moja ambalo wangeliangalia vizuri wasingeongea hivyo, Kojiki inafika mpaka kwa Malkia Suiko aliyefariki 628, lakini hadithi zinakatika mapema zaidi, karibu wafalme 10 wa mwisho wana nasaba tu. Kama ikulu ingekuwa inabuni kwa kujaza, wa karibu ndo wangejazwa kwa urahisi. Vipindi viwili vimebaki vikavu, cha mbali sana na cha karibu sana, kwa sababu simulizi zilishafungwa na kupangwa wakati fulani na hakuna aliyepewa kazi ya kuziendeleza. Mapengo yale yanatuonyesha kazi ya kusimulia ilianzia wapi na ilisimama wapi, na hilo huwezi kulipata kwa kuhesabu vichwa viliweza kubeba maneno mangapi.

Upotoshaji mkubwa haukutoka kwenye kusahau, ulitoka kwenye kuchagua, na hili wenyewe walilijua. Nihon Shoki ilifanya jambo la heshima sana, kwenye sehemu ya miungu baada ya kueleza habari kuu inaweka matoleo mengine, andiko moja linasema hivi, andiko jingine linasema vile, na kwenye kisa cha miungu wazazi Izanagi na Izanami na watoto wao matoleo ya pembeni yanafika 11. Kojiki haina hayo, ni mstari mmoja ulionyooka, kama Tenmu alivyotaka. Alafu mwaka 807 mzee mmoja aitwaye Inbe no Hironari akaandika kitabu cha malalamiko, Kogo Shūi, akaanza kwa kusema hapo kale hapakuwa na herufi, wakubwa kwa wadogo na wazee kwa vijana walipokezana kwa mdomo na mambo hayakusahaulika, alafu akaingia kwenye kilichomuuma, kwamba ukoo wa Nakatomi umepanda na ukoo wake wa Inbe umeachwa nyuma, na kazi za mababu zake kwenye ibada zimeachwa bila kuandikwa. Watu wanapenda kunukuu ule mwanzo mzuri kuhusu mdomo na wanaacha malalamiko. Kwangu malalamiko ndo ushahidi hasa, yanaonyesha kulikuwa na wasikilizaji wanaojua toleo jingine na wako tayari kulidai.

Mpangilio ukivunjika nini kinatokea, Japani yenyewe ina majibu. Masimulizi ya vita vya ukoo wa Heike yalibebwa karne nyingi na vipofu waliopiga biwa, ala ya nyuzi, na mwaka 1371 bingwa wao Kakuichi aliamuru maneno yake yaandikwe kwa sababu aliyoitaja wazi, kwamba akifa wanafunzi wake watabishana mstari ukisahaulika, kwahiyo andiko liwe mwamuzi. Hapo andiko halikuja kuchukua nafasi ya msimulizi, lilikuja kumaliza ugomvi kati ya wasimulizi, na chama chao kikaendelea kwa nguvu miaka 500. Serikali ya Meiji ikakivunja chama cha vipofu 1871. Hakuna aliyechoma kitabu hata kimoja, maandishi ya Heike yapo kila duka la vitabu, hata noti za muziki zilizotungwa Nagoya 1776 zenye vipande karibu 200 zipo, lakini kwenye mstari wa vipofu waliopokezana kwa sikio vilivyofika kwa mrithi wa mwisho wa Nagoya, Imai Tsutomu, ni vipande 8. Data yote ipo kasoro 0. Kilichoondolewa ni kazi, kipato na cheo vilivyomfanya kijana kipofu akae miaka na miaka kwa mwalimu.

Waainu, wenyeji wa kaskazini mwa Japani, wao walivunjiwa lugha kabisa, shule za serikali zikawafundisha Kijapani na kuwafanya waone aibu na ya kwao. Chiri Yukie, msichana aliyekulia kwa bibi na shangazi waliokuwa mabingwa wa kuimba habari za miungu, aliandika nyimbo 13 kwa Kiainu na tafsiri yake ya Kijapani, akafariki Tokyo Septemba 1922 akiwa na miaka 19, kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walitangaza mfumo wa kompyuta unaosikiliza rekodi za wasimulizi wa Kiainu, kama saa 40 hivi za sauti, na kuziandika. Ni kazi nzuri, rekodi zile zingekaa miongo bila mtu wa kuzinakili. Lakini mfumo ulifanya vizuri kwa wasimulizi ambao ulishawasikia na ukashuka ulipopewa sauti mpya, na jambo la kawaida kwa teknolojia ndo hapo hapo lenye uzito kwa wasimulizi, maana kazi yao yote ni kuhakikisha sauti mpya inakuja. Chiri Yukie alikuwa sauti mpya kwa bibi yake. Mashine inanakili wazee, haimtengenezi mjukuu.

Kwahiyo nikirudi kwa kataribe wa leo, naona swali la tumehifadhi saa ngapi za video ni dogo kuliko tunavyolikuza. Mji wa Hiroshima tangu 2012 unafundisha watu wasioliona bomu wabebe ushuhuda wa manusura mmoja mmoja, wanakaa naye, wanaandika maneno watakayosema, yanapitiwa, ndo wanaruhusiwa kusimama mbele ya watu. Huo mpango unapata kelele ndogo sana kulinganisha na habari za akili mnemba na kwa maoni yangu ndo unaofanana na kile Tenmu alichokifanya kwa Are na kile Kakuichi alichokifanya kwa wanafunzi wake, mtu amepewa jukumu kwa jina, andiko liko pembeni kama mwamuzi, na kuna anayekagua. Lakini ukifanana kwa uzuri unafanana na kwa hatari. Anayekagua maneno ndo anachagua, na tunajua kuna mambo ambayo manusura wenyewe hawakukubaliana, kuhusu jeshi lao, kuhusu Wakorea waliokuwepo mjini na kufa humo na kuachwa kwenye hesabu muda mrefu, kuhusu umeme wa nyuklia. Ukinyoosha yote kuwa mstari mmoja unaopendeza wageni umetengeneza Kojiki. Mi ningeomba watengeneze kitu kinachofanana zaidi na zile kurasa za Nihon Shoki, kila mbebaji aseme pia manusura mwingine alisema vile, na mashine zikitumika zilazimishwe kutoa matoleo yote yanayopingana badala ya kuyachanganya kuwa jibu moja laini. Hilo linawezekana kiufundi leo hii. Kinachohitajika ni mtu mwenye mamlaka ya kuliagiza, na watu wa familia za waliosahaulika wakae kwenye chumba ambacho maneno yanapitiwa, kabla hawajalazimika kuandika malalamiko yao wenyewe kama Hironari, miaka 95 baada ya kitabu kukabidhiwa.